Mto Hufukia Shimo Lake

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi ya barabara hapa Kajiado waliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yangu, na mmoja wenu akaongeza kwamba isiwe hotuba. Nimemsikia. Vyeo nilivyopanda vilikuwa vichache na wanaovipenda wanajua pa kuvitafuta, kwa hiyo sitavigusa. Nitaandika kuhusu mito yetu, ile ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka si mito, na namna inavyokula ardhi chini ya madaraja. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Mengine yalikuwa chai na mikutano.

Nilizaliwa Maragoli, mahali ambapo mto ni mto mwaka mzima na mtoto anaambiwa asiukaribie. Nilipomaliza kusomea ufundi wa ujenzi nililetwa Kajiado, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ofisini walikuwa wamejiandaa kumpokea mwanamume, maana jina langu, Kageha, halikuwa limewaambia lolote. Gambuti za mpira walizonipa zilikuwa za mwanamume pia. Nikazijaza magazeti puani nikatembea nazo hivyo mwaka mzima, na hadi leo nikinusa gazeti lililolowa nakumbuka kazi.

Waliniweka chini ya Mzee Mulwa, inspekta wa madaraja. Alikuwa mtu wa Machakos, mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwa utosini, na hakupenda kuongea kabla ya chai ya saa nne. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha ofisi wala choo. Aliniambia nipande Landrover. Dereva alikuwa Lemayian, kijana wa huku huku ambaye baadaye tulifanya kazi pamoja karibu maisha yote. Tulitoka kwenye lami upande wa Isinya, tukafuata barabara ya marumu, tukashuka hadi katikati ya uwanja mrefu wa mchanga. Juu yetu kulikuwa na daraja la zege lenye nguzo mbili. Pembeni, mama mmoja alikuwa anafukua mchanga kwa kibuyu akitafuta maji, punda wake wawili wakimngoja.

"Takwenya, yeyo," Lemayian akamsalimu kwa Kimaasai, akimwita mama.

"Iko," akajibu, bila kuinua kichwa.

Mulwa alinipa nondo. Ilikuwa nondo ya kawaida ya ujenzi, ndefu kunizidi, imechongwa ncha na kupakwa rangi nyekundu na nyeupe kwa zamu ili usome kina bila kuhesabu.

"Choma hapo ulipo," akasema.

Nikachoma. Iliingia kidogo ikagonga kitu kigumu.

"Sasa choma pale, karibu na nguzo."

Pale iliingia yenyewe, kama mwiko kwenye uji. Nilishtuka nikaishika kwa mikono yote miwili isinipotee.

"Umeona nini?"

"Hapa ni laini."

"Mbona?"

Sikujua. Nilisema labda mchanga wa hapo ni wa aina nyingine. Mulwa hakucheka wala hakunirekebisha. Alisema siku nitakayojua nimwambie, akapanda gari. Nilifikiri ni mtu mkali. Baadaye nilielewa kwamba saa nne ilikuwa haijafika.

Jibu lilikuja na mvua za mwaka huo huo. Tulikuwa upande wa Kitengela tukikagua kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, na juu yetu anga lilikuwa la buluu safi. Kwa mbali, upande wa milima ya Ngong, wingu jeusi lilikuwa limelala. Lemayian alikuwa ameketi kwenye kivuli cha daraja lililokuwa karibu. Akasimama, akasikiliza, akasema tu, "Tutoke." Nilisikia kitu kama lori kubwa kwenye kokoto. Tulikuwa tumeshafika ukingoni maji yalipotokea kwenye kona. Hayakuja kama maji. Yalikuja kama takataka zinazotembea: matawi ya migunga, samadi, povu la rangi ya chai, ndara moja ya plastiki. Nyuma ya takataka ndipo mto wenyewe ulipokuwa, nao ulijaa tangu ukingo hadi ukingo kabla sijamaliza kuvuta gambuti juu.

Mimi nilikuwa naangalia mbele ya mafuriko, kama kila mtu. Mulwa akanigeuza kichwa kwa mkono.

"Wacha hayo. Angalia pua ya nguzo."

Nikaangalia. Maji yalipoigonga nguzo yalikosa pa kwenda, na badala ya kupanda yalizama. Yalishuka kwa nguvu usoni mwa nguzo, yakajikunja kule chini, yakazunguka pande zote mbili na kuibuka nyuma yake yakiwa meusi zaidi.

"Sasa hivi pale chini kuna shimo," akasema. "Maji yanachimba na kutupa nyuma. Lakini huwezi kuliona. Maji yakianza kuchoka yatamwaga mchanga humo humo. Kesho ukija utaona sakafu safi, hata watoto watacheza mpira."

Tulirudi kesho yake. Sakafu ilikuwa safi. Nilichoma nondo karibu na nguzo ikaingia yenyewe, nikamwambia Mzee Mulwa kwamba sasa najua mbona pale ni laini. Akaitikia kwa kichwa.

Hilo ndilo jambo moja ambalo ningependa mtoke nalo hapa, hata mkisahau mengine. Mto hufukia shimo lake. Anayekuja baada ya mafuriko na kamera atapiga picha nzuri. Mchanga uliomwagwa jana haujashikana na chochote, na nguzo iliyosimama ndani yake imesimama kwa mazoea tu.

Miaka ile Kitengela ilikuwa imeanza kukua. Mashamba ya malisho yalikatwa ploti, na watu wa mshahara waliochoka na kodi za Nairobi wakaja kujenga. Kila nyumba ilihitaji mchanga, na mchanga ulikuwa mitoni mwetu, bila mlango. Malori yalishuka chini ya madaraja na kuupakia. Mto ukichimbwa upande wa chini, kitanda chake hushuka, na kule kushuka hupanda taratibu kuelekea juu kama ngazi inayosogea, mpaka siku moja ngazi inafika kwenye daraja. Msingi uliokuwa umezikwa vizuri unajikuta uko karibu na hewa. Mulwa alikuwa na desturi ya kupaka alama ya rangi kwenye nguzo mahali mchanga ulipofikia. Kila tulipopita, alama ilikuwa imepanda. Yaani mchanga ulikuwa umeshuka, lakini jicho huona hivyo.

Kisha zikaja zile mvua za El Niño. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, na nyinyi wadogo mmechoka kuelezwa, kwa hiyo nitasema tu kwamba wilaya ilikatika vipande vipande. Mulwa alikuwa ameenda upande wa Loitokitok kuangalia vivuko karibu na Illasit, na barabara ikafungika nyuma yake. Alibaki huko kwa wiki kadhaa akila viazi vya wakulima. Huku Isinya nilibaki mimi na Lemayian, na redio ya gari iliyosikika ilipotaka.

Daraja lile la siku yangu ya kwanza watu waliliita Daraja la Pili, kwa sababu lilikuwa la pili ukitoka lami. Mafuriko makubwa yalilipiga mchana mzima. Kulipokucha maji yalikuwa ya magotini, na daraja lilikuwa limesimama, limeoshwa, limependeza kuliko nilivyowahi kuliona. Magari yalikuwa yameshaanza kuvuka. Nilishuka na nondo. Kwenye nguzo ya upande wa Isinya iligonga udongo mgumu mahali palipotarajiwa. Kwenye nguzo ya upande wa pili niliichoma ikashuka yenyewe, ikapita kina ambapo msingi ulikomea, ikaendelea. Nilizunguka nguzo nikachoma pande zote. Nikamwita Lemayian achome yeye, maana nilitaka mikono yangu iwe ndiyo yenye makosa.

"Madam," akasema, "hapa chini hakuna kitu."

Tukaweka mawe na matawi ya miiba pande zote mbili za daraja, nikapiga redio kwa injinia wa wilaya.

"Limesimama?" akauliza.

"Limesimama, bwana."

"Liko na ufa?"

"Sijaona ufa."

"Limeinama?"

"Halijainama."

"Sasa unalifungia nini, Kageha?"

"Nondo imepita chini ya msingi na bado inaenda."

Injinia hakuwa mtu mbaya. Barabara ile ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kwa watu wa ng'ambo, na yeye ndiye ambaye angeulizwa na wakubwa mbona amewafungia watu daraja zima.

"Kwa macho ya kila mtu hilo daraja ni zima," akasema. "Mimi siko hapo, wewe uko hapo. Ukifunga, umefunga wewe. Nitakuja nikipata njia."

"Nimefunga, bwana."

Wa kwanza kufika alikuwa Njuguna, dereva wa lori la mchanga, mtu mcheshi aliyemjua kila mwenye hoteli kutoka Kitengela hadi Kajiado. Alizima injini akashuka.

"Madam, daraja liko na shida gani? Mimi nimevuka asubuhi na mzigo."

"Nguzo ile imekaa juu ya mchanga."

"Si madaraja yote yako kwa mchanga?"

Lilikuwa swali la haki. Nikamweleza kwamba ule ulikuwa udongo mgumu uliokaa miaka mingi, nao umeenda, na huu anaouona umemwagwa jana. Alisikiliza vizuri, akanishukuru, akarudi kwenye lori. Tulipokwenda ng'ambo kuongeza miiba, aliburuta ile ya upande wake, akavuka taratibu akipunga mkono, akapita juu ya ile tuliyokuwa bado tunaipanga, na hakuna kilichotokea.

Saa sita msafara wa mazishi ukafika. Mbele ilikuwa pikapu yenye jeneza, nyuma yake magari kadhaa na kwaya ya kanisa. Mwenye msiba alikuwa Mwalimu Ndunda, anayefundisha Kitengela. Marehemu mama yake alikuwa amenunua shamba ng'ambo ya mto miaka mingi nyuma, alipotoka Ukambani, na huko ndiko kaburi lilikokuwa limechimbwa. Nilimpa pole. Halafu nikamwambia magari hayawezi kuvuka.

"Lori limevuka," akasema. "Tumeliona tukiwa pale juu."

"Limevuka kwa nguvu, Mwalimu. Si mimi niliyeliruhusu."

"Kwa hiyo anayetii ndiye anazuiwa."

Nilimwambia ninachoweza. Watu wavuke kwa miguu, wachache wachache. Jeneza libebwe. Majini wasiingie, kwa sababu mchanga ule ungewameza miguu. Ng'ambo kulikuwa na jirani mwenye trekta, na Lemayian angeenda kumwomba avute jeneza hadi shambani.

Mwalimu Ndunda alikuwa mrefu, na aliponijibu aliongea chini chini, jambo ambalo lilinisumbua kuliko angepaza sauti.

"Unataka mama yangu apandishwe trekta kama gunia la mbolea?"

"Nataka mfike nyote, Mwalimu. Mkifika nyote, yeye pia atakuwa amefika vizuri."

Aliangalia daraja. Kila mtu aliliangalia. Lilikuwa limenyooka, jeupe, bila hata ufa wa kucha, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na gambuti za wanaume. Nafsini nilijiuliza kama ninamfanyia mtu huyu ukatili bure.

Aliyeamua alikuwa shangazi yake, mama mzee aliyekuwa ameketi kwenye pikapu kando ya jeneza. Alishuka akishikiliwa.

"Alikuja huku kwa miguu," akasema. "Amebeba kuku na jembe. Wakati huo hata hili daraja halikuwa. Mbebeni."

Wakalibeba, vijana sita. Niliwaomba wasitembee kwa hatua moja kama gwaride, maana uzito unaogonga kwa pamoja si sawa na uzito unaopita. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo, ikanyamaza yenyewe ilipofika katikati, ikabaki sauti ya viatu na maji. Wao waliangalia jeneza. Mimi niliangalia ile nguzo, mahali inapoingia mchangani, nikitafuta unywele wa mwendo. Hakukuwa na kitu. Wa mwisho walipofika ng'ambo, shangazi akageuka akainua mkono. Lemayian alikuwa amewangoja huko na trekta, nami nikarudi kwenye miiba.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo haipendezi kusimuliwa. Kesho yake daraja lilikuwa limesimama. Keshokutwa pia. Njuguna alikuwa anavuka kila siku, na kila akivuka alipiga honi. Wengine wakaanza kumfuata. Tuliongeza mawe, wakayaondoa, tukayarudisha. Kwenye mkutano wa chifu mtu mmoja alisema kwamba ofisi imetuletea mwanamke wa Maragoli anayeogopa maji, watu wakacheka, na nilikuwepo. Mama yule wa punda, ambaye siku hizo nilimjua kama Mama Nasieku, alikuwa na ng'ombe ng'ambo na wateja wa maziwa upande huu. Lori la kukusanya maziwa lilikuwa linatii miiba yangu. Alinijia akiwa na mtungi.

"Kageha, onja."

Nikaonja. Yalikuwa yameganda.

"Hii ni ya jana. Ya leo pia itakuwa hivi. Wewe unaona shimo. Mimi naona daraja."

"Yeyo, nakuelewa."

"Sikuji unielewe. Nakuja uonje."

Injinia alipata njia siku moja baada ya hapo. Alivua viatu vyake vizuri, akaingia majini na suruali imekunjwa, akachoma nondo mwenyewe. Alichoma mahali pengi. Alipotoka alifuta mikono akasema, "Endelea kufunga," na akaniachia askari wawili wa utawala wakae kwenye miiba. Mpaka leo nadhani ni mkubwa mwema kuliko wote niliofanya nao kazi, kwa sababu alikuja, na kwa sababu alivua viatu.

Siku ile askari walipofika, Njuguna alikuwa ng'ambo akipakia. Akabaki huko akisubiri wachoke. Maji ndiyo yaliyowahi. Mafuriko ya pili yalikuja mchana, si makubwa kama ya kwanza, na watu walikuwa wamekusanyika pande zote wakitazama kama kawaida. Mto ulianza kuchukua ule mchanga uliomwagwa juzi, na huo haukuhitaji nguvu kuchukuliwa. Nilikuwa nimewahi kufikiri daraja huanguka kwa kishindo. Hili halikuanguka. Lilikaa. Nguzo ile ilishuka upande wa mbele kwanza, polepole, kama ng'ombe anapokunja miguu ya mbele ili alale, na sakafu ikakatika juu yake kwa mlio mmoja mkavu. Kisha maji yakapita juu, na palipokuwa na daraja pakawa na mawimbi.

Hakukuwa na mtu juu yake. Upande wa pili nilimwona Njuguna amesimama kando ya lori lake lililojaa mchanga, mikono kichwani. Mama Nasieku alikuwa karibu yangu. Alitema mate ya baraka kifuani mwake, kama wanavyofanya wazee wa huku, akaenda kuwatafuta punda wake.

Lori lile lilibaki ng'ambo hadi mvua zilipokwisha. Njuguna aliishi humo ndani, akila kwa Mama Nasieku, aliyerudi kwa ng'ombe wake maji yaliposhuka, na kumsaidia kukamua, na nasikia alikuwa mkamuaji mbaya. Hakuja kuniomba radhi, na sikumtarajia. Alikuwa amevuka mara nyingi na hakuna lililompata. Mtu wa namna hiyo amejifunza kitu fulani, lakini si kile ambacho mimi ningependa. Mwalimu Ndunda alikuja ofisini baada ya Krismasi, amebeba mapapai kutoka shamba la mama yake. Aliyaweka mezani.

"Nilikuchukia hadi siku lilipoanguka," akasema. "Halafu nikaona aibu kwamba nilihitaji lianguke."

Nilimwambia hata mimi nilikuwa nimeanza kulihitaji. Ni kweli. Zile siku lilipokuwa limesimama, kuna asubuhi nilizoamka nikitamani lianguke, ili nisiwe mwongo. Msishangae yakiwapata. Fungeni tu.

Mulwa aliporudi kutoka Loitokitok, amekonda na miguu imemvimba, alikwenda moja kwa moja kuangalia kile kisiki cha zege kilichobaki. Nilimsimulia yote. Nilikuwa nangoja neno.

"Ulichoma pande ngapi za nguzo?"

"Zote."

"Sawa," akasema. Saa nne ilikuwa imepita, kwa hiyo nililihesabu kama sifa.

Kujenga upya kulichukua miaka, kwanza ya maneno na halafu ya kazi. Mulwa alitaka kivuko cha chini, kile tunachokiita drifti: sakafu ya zege inayolala kwenye kitanda cha mto na kuacha maji yapite juu yake. Watu walitaka daraja. Walisema, na walikuwa na haki, kwamba drifti ni kuambiwa ungoje kila mvua ikinyesha. Mulwa aliwajibu kwamba daraja refu la kutosha halitakuja katika uhai wake, na fupi litakwenda kama la kwanza. Ikajengwa drifti, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Upande wa chini tulizika ukuta wa zege hadi kwenye udongo mgumu, ili mto ukichimba usipate pa kuingilia. Mbele ya ukuta tukalaza gabioni, yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Mama Nasieku na wenzake walijaza nyingi. Kazi ya kujaza ni ya subira: mawe yapangwe kwa mkono, makubwa nje, yakumbatiane, maana ukimwaga tu kwa toroli waya inabeba hewa.

Mvua ya kwanza ilipopita, nilipigiwa simu kwamba mradi umeharibika, mawe yamezama. Nilienda. Yalikuwa yamezama vizuri kabisa. Gabioni zile huwekwa zizame. Mto unapochimba mbele yake, waya inajikunja na mawe yanashuka kufunika mteremko wa shimo, na uchimbaji unakoma hapo. Ni vigumu kumweleza mtu kwamba kitu kilichojengwa juzi kimeharibika kama kilivyokusudiwa. Diwani hakuridhika, lakini alipiga picha.

Kuhusu mchanga, tulikaa na wapakiaji kwenye baraza la chifu zaidi ya mara moja. Njuguna ndiye aliyesema kwa niaba yao. Hakusema habari za daraja.

"Sisi hatuwezi kuacha, tuko na watoto shuleni," akasema. "Lakini mtuonyeshe mwisho ni wapi. Si kutuambia mto wote ni wa serikali."

Tukawaonyesha mti mkubwa wa mgunga upande wa chini, mbali na drifti, tukakubaliana wasipande juu yake. Walitii kwa kiasi fulani. Nimefanya kazi za kutosha kujua kwamba kiasi fulani si kidogo.

Mulwa alistaafu kabla sakafu haijakauka vizuri, akarudi Machakos kufuga mbuzi. Miaka kadhaa baadaye alikuja Kitengela kumtembelea binti yake, akanipigia. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Nilimchukua, Lemayian akaendesha, tukafika kwenye drifti na kukuta mto umejaa, maji yanapita juu ya zege kwa rangi ile ile ya chai. Pande zote mbili watu walikuwa wanangoja. Kulikuwa na basi la Loitokitok lililokuwa limepotoshwa njia na matope, malori ya nyanya, pikipiki, wanafunzi wamevua viatu, mama mmoja anauza mahindi ya kuchoma akishukuru Mungu kwa foleni. Dereva wa basi alikuwa amekasirika. Alinitambua kwa gari la serikali akaja.

"Nyinyi mlijenga hii kitu? Nimekaa hapa tangu asubuhi. Watu wangu wanachelewa."

"Pole," nikamwambia. "Maji yakifika chini ya ule mstari wa njano kwenye kigingi, utavuka."

"Mngejenga daraja."

"Ni kweli."

Mulwa alikuwa ametoka na fimbo akasimama ukingoni, mbali kidogo, akiangalia maji pale yanapoanguka kutoka kwenye sakafu na kujikunja juu ya mawe yetu. Baada ya adhuhuri mstari wa njano ukatokea. Basi likashuka kwanza, likavuka taratibu na maji hadi kwenye rimu, abiria wakichungulia dirishani, likapanda ng'ambo. Malori yakafuata. Pikipiki. Wanafunzi wakavuka wameshikana mikono. Muuza mahindi akafunga jiko.

Walipokwisha wote, Mulwa akageuka.

"Leo wamechelewa tu," akasema.

Kisha akaniuliza kama kuna hoteli Isinya ambayo bado inapika githeri, tukaenda kula.